Mwalimu Aliyenguruma Makaburini

Mwalimu wetu wa kwaya hakuwa mtu wa kumpenda haraka. Nalisema mapema, asije mtu akadhani namsifia kwa sababu amekufa. Alikuwa mkali, mbishi, na alikuwa na masikio ya kukera. Mnaweza kuwa kanisa zima mnaimba, yeye anasimamisha wimbo, ananyoosha kidole chake kirefu mpaka usoni kwako na kusema, "Mama Neema, hiyo sauti umeiokota wapi?" Watu wanacheka, wewe unatamani ardhi ipasuke uingie.

Kwao sikumwuliza. Huku kwetu, kuanzia Biharamulo mpaka mpakani Ngara, mtu ukimwuliza kwao ni wapi anaanza kupapasa mifuko akitafuta kitambulisho. Nilijua kwamba alivuka mto enzi za vita, na kwamba akikasirika sana Kiswahili kilimwishia kikabaki Kirundi. Hayo yalinitosha, na naona yatakutosha na wewe.

Mimi nina kibanda cha chakula Lusahunga, pale malori ya Rusumo yanapoegesha. Napika ndizi, wali, maharage, na mbuzi siku nikijaliwa. Kanisani naimba sauti ya pili. Kwa hiyo nilimjua Mwalimu pande zote mbili: kanisani ananifokea, kibandani ananiomba maji ya moto yenye tangawizi kwa sauti ya upole kama mgeni. Pombe hakugusa. Sigara hakuvuta. Naomba hilo lishikwe vizuri, maana baadaye watu walimzushia kila kitu, hadi bangi.

Kwenye mazoezi alikuwa na masharti yake. Ukichelewa unasimama nje mpaka wimbo uishe. Ukitafuna jojo unaitema mkononi mwako mwenyewe mbele ya wote. Na alikuwa na vita vyake na ndimi zetu, kwa sababu nusu ya kwaya tukiachiwa tunaimba "hareruya". Anatusimamisha, anafumba macho. "Mungu ataelewa," anasema. "Lakini tukienda mashindano Ngara, majaji si Mungu." Basi tunarudia, tunarudia, mpaka ulimi unachoka.

Kwenye mazishi ndipo alipokuwa mkali kupita kiasi. Kwaya yetu ilizika watu wengi, na hakuna hata mmoja ambaye Mwalimu alituruhusu tumwimbie ovyoovyo. Hata kama marehemu alikuwa mlevi wa kijiji, hata kama mvua inanyesha na udongo umekuwa tope, sauti zote nne zilitakiwa zikae mahali pake. Siku moja tulikuwa tunarudi kutoka kuzika, nikamwambia, Mwalimu, maiti hasikii, unatuulia nini? Akatembea hatua kadhaa. Halafu akasema kwamba mke wake na mtoto walibaki njiani wakati wa kukimbia. "Tulifukia, tukaendelea. Hakuna aliyeimba. Kulikuwa hakuna nafasi ya kuimba." Tangu hapo alikuwa akitutania mara kwa mara: "Siku mkinizika mimi, sauti ya kwanza msikimbie." Tulicheka, lakini nilijua hana utani. Mtu yule hakuogopa kufa. Aliogopa kufukiwa kimya.

Sasa mtu huyohuyo, Jumamosi mazoezi yakiisha, anavuka barabara na kuingia uani kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Anavua shati na tai, anavikunja vizuri, anaviweka juu ya tairi. Anavaa fulana nyeusi yenye fuvu la kichwa na moto. Anachukua gitaa la umeme, anaunganisha kwenye spika, na jamani, Lusahunga yote inajua.

Mimi muziki ule sikuupenda na mpaka leo siupendi. Ulikuwa kama mashine ya kusaga iliyoingiwa na jiwe. Yeye na fundi waliuita metali, ile hevi metali ya Wazungu. Mwalimu aliupatia kwenye makambi ya wakimbizi, alipokuwa mtunza stoo. Mzungu mmoja, fundi wa magari, alikuwa nao kwenye kaseti, na siku anaondoka akamwachia boksi zima. Kaseti zilipokwisha kuliwa na redio, Mwalimu alikuwa ameshakariri kila kitu kichwani. Na ile sauti ya kukwaruza, msidhani ilikuwa mashine ya kununua. Kanisa lilitupa spika moja mbovu, akaiokota, akaitoboatoboa karatasi yake ya ndani kwa spoku ya baiskeli hadi ikawa inakohoa. Kukohoa huko ndiko alikokuwa anakutafuta! Kanisani anatunyima usingizi kwa sababu ya mkwaruzo mdogo kooni, uani anaharibu spika kwa makusudi ili ikwaruze. Nikamwuliza mantiki yake iko wapi.

"Mama Neema," akasema, "mimi nikilia, watu watauliza nani amekufa. Nitaanza kueleza. Nikipiga hii, hakuna anayeuliza."

"Wanauliza kama una wazimu."

"Hilo ni swali rahisi," akasema, akaendelea kunywa tangawizi yake.

Fulana zile nyeusi, kwa taarifa yako, zimejaa huku. Zinakuja kwenye marobota ya mitumba, na kwa kuwa nyeusi haionyeshi uchafu, watu wanazipenda kwa kazi za shamba. Ukienda minadani utakuta mafuvu, mbuzi wenye pembe, maandishi yaliyosokotana kama mizizi ya muhogo. Tulipokwenda Kanazi kwenye mwaliko wa kwaya, tulimkuta kikongwe mmoja anapalilia maharage, kifuani ana mifupa mitupu. Mwalimu akasimama barabarani, furaha imemjaa.

"Shikamoo bibi. Umevaa wanaume wa kazi hao!"

"Marahaba. Ni ya kulimia hii."

Alicheka mpaka tulipofika kanisani. Alijua kila kundi lililoandikwa kifuani kwa mtu. Hata mzee wa kanisa wetu, ambaye baadaye ndiye aliyemshitaki, alikuwa na fulana yake ya kukandikia nyumba, ina shetani mzima mgongoni. Hakuna aliyemsema yule mzee. Hakuna aliyemsema yule bibi. Ukivaa fuvu bila kujua, wewe ni mkulima. Ukilivaa huku unajua, umepotea. Hiyo ndiyo hukumu ya huku kwetu, na mimi nikiitafakari inanipandisha hasira upya.

Uani pale walikuwa wachache tu. Fundi mwenyewe alipiga ngoma alizozitengeneza kwa mapipa aliyoyakata na kuyachomelea. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, mwenye mikono ya makovu ya cheche, mcheshi, mla sana. Deni la chakula nilimdai kila siku, akanilipa kwa kicheko. Yeye na Mwalimu walikaa kama baba na mwana, ingawa hakuna aliyelitamka hilo. Wakipiga, walitikisa vichwa juu na chini kwa pamoja, Mwalimu na upara wake unaong'aa, na madereva wa malori wakasimama pembeni na soda zao wakiangalia. Wengine walikuja wakazoea. Yuko dereva mmoja aliyekuwa akipitisha mafuta kwenda ng'ambo, alikuwa akipanga safari zake ziangukie Jumamosi.

Fundi alikuwa ametengwa na kanisa. Hapa nieleze kwa asiyejua. Mtu akiishi na mwanamke bila ndoa ya kanisani, kama fundi alivyokuwa anaishi, jina lake linasomwa Jumapili, kisha hashiriki tena Meza ya Bwana, anakaa benchi la nyuma. Akitaka kurudi kundini anasimama mbele ya wote anatubu kwa kinywa chake, analitaja kosa lake na kulikana. Hayo yote mtu anaweza kuyabeba. Lisilobebeka ni hili: akifa kabla hajarudi, mchungaji haji na joho, kengele haipigwi, kwaya haiimbi. Majirani wanachimba, wanafukia, wanarudi.

Na fundi akafa. Alikuwa chini ya tela la lori anachomelea, jeki ikateleza. Siwezi kueleza zaidi, nilikuwepo, na wali niliokuwa nimempakulia ulibaki mezani.

Mama yake alikuja kwenye mazoezi ya kwaya. Mjane, mwembamba, Kihangaza chake kikiingilia Kiswahili kila neno la tatu. Alipiga magoti mlangoni, mtu mzima yule, akasema hataki mengi, wimbo mmoja tu. Mwalimu alimwinua, akaenda naye moja kwa moja kwa mchungaji. Mchungaji wetu si mtu mbaya, tena ni kijana mwenye huruma, lakini siku ile alikuwa anatetemeka. "Mwalimu, sheria sikuitunga mimi," alisema. "Nikilegeza kwa huyu, nitamwambia nini mwingine?" Mwalimu akamshika yule mama mkono, wakaondoka. Sisi tukadhani amekubali.

Tulikwenda mazishini tukiwa tumevaa nguo za kawaida, tukasimama kama magogo. Ukimya ule sitausahau. Huku kwetu mazishi yana kelele zake, watu wanalia, wanaimba, watoto wanafokewa. Siku ile ulisikia majembe tu. Mama wa marehemu alikuwa ameketi chini, macho makavu kabisa, na hilo lilinitisha kuliko kama angelia.

Ndipo bodaboda ikaja. Nyuma amekaa Mwalimu, gitaa mgongoni, spika mapajani, na betri ya lori imefungwa kwenye keria. Amevaa fulana yake nyeusi. Alishuka, akamwendea yule mama, akachuchumaa, wakazungumza kidogo. Mama akaitikia kwa kichwa. Mwalimu akaunganisha waya zake bila haraka, akapiga.

Haikuwa ya kukimbiakimbia kama za Jumamosi. Ilikuwa nzito, ya polepole, kila pigo linakuja limechoka. Watoto walikimbia. Mzee wa kanisa akaanza kukemea mapepo kwa sauti. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa, kinapanda na kushuka taratibu, na mwishoni kabisa akafungua kinywa akanguruma. Hakuimba, alinguruma, kitu kirefu kutoka tumboni. Nikamwangalia mama wa fundi. Alikuwa analia. Machozi yalikuwa yamefunguka, anajipigapiga mapaja, analia kama mtu aliyeruhusiwa.

Jumapili iliyofuata jina la Mwalimu likasomwa. Kosa: kupiga muziki wa kuzimu makaburini na kuita roho chafu.

Basi akahamia benchi la nyuma. Miaka imepita hapo. Wengine wakitengwa wanakasirika, wanahamia makanisa ya uamsho, wanafunguliwa milango kwa vigelegele. Yeye hakuhama. Kila Jumapili yuko palepale, suti ya kahawia, tai imekaza, anaisikiliza kwaya aliyoijenga mwenyewe ikioza. Walimleta mwalimu mwingine mwenye kinanda kinachojipigia midundo chenyewe, ukibonyeza tu kinakwenda. Tuliimba vibaya, nasema kweli. Sauti ya kwanza walikuwa wanakimbia kama wanafukuzwa na nyuki. Nilikuwa nikimtupia jicho kule nyuma namwona amekunja uso, ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Ibada ikiisha, hakuna aliyemsalimia mlangoni kwa kumshika mkono, maana ndivyo ilivyo. Anatoka peke yake. Gitaa alikuwa ameliuza mwaka huohuo, kwa sababu uani kwa fundi palikuwa pamefungwa na hakuona apige na nani.

Mimi nilimwandama. Alikuwa akija kibandani, namwekea tangawizi yake, naanza.

"Mwalimu, tubu basi. Ni maneno tu."

"Maneno gani?"

"Sema ule muziki ulikuwa wa shetani, unajuta, yaishe. Umri unakwenda. Nani atakuzika?"

"Na mama yake fundi atakuwa kanisani siku hiyo?"

"Atakuwepo."

"Kwa hiyo nisimame, yeye ananitazama, niseme wimbo pekee aliopata mwanawe ulikuwa wa shetani." Alisukuma kikombe. "Hebu nionyeshe, Mama Neema. Sema wewe nisikie unavyotoka."

Nilichukia kwamba alikuwa na haki, nikamwambia yeye ni mbishi na atakufa na ubishi wake. Akasema huenda.

Yule mama naye hakumwacha. Alikuwa akimletea viazi, akimfulia, akimkoromea asipokula. Watu walianza kunong'ona wanavyojua wenyewe. Wote wawili walikuwa wazee, wamekaushwa na mambo, lakini midomo ya watu haina likizo.

Mwaka huu, masika yalipoanza, miguu ya Mwalimu ikavimba. Ikapanda mpaka tumboni. Tulimpeleka Biharamulo, hospitali wakampa dawa, wakampima tena, halafu wakasema kwa adabu kwamba tukamtunze nyumbani. Tulielewa.

Nilikwenda kumwona siku ya Alhamisi mchana, nimefunga kibanda mapema. Mama wa fundi alikuwa jikoni nje. Nikamwamkia, akaitikia, akanionyesha mlango kwa kidevu. Ndani palikuwa na joto na harufu ya dawa. Mwalimu alikuwa amelala upande wa ukutani, mikono imekonda hadi kucha zilionekana kubwa.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa. Kupumua kwake kulikuwa kazi.

"Mchungaji alikuja asubuhi," akasema. "Na wazee wawili. Mgonjwa anaruhusiwa kutubu kitandani. Watasoma Jumapili."

"Ukasemaje?"

Alitazama ukuta.

"Nimesema ndiyo."

Sikujua nifurahi au nifanye nini. Miaka yote nilikuwa namwomba aseme hivyo, na sasa amesema, nikahisi kama mtu amenichapa. Nilitaka kumwambia hongera na nilitaka kumfokea. Machozi yakanitoka.

"Nimeogopa, Mama Neema," akasema. "Usiku nikilala nausikia ule udongo. Nimesema ulikuwa wa shetani. Nimetamka kila walichotaka nitamke." Akanishika kiganja, vidole vyake vilikuwa baridi. "Sasa nisikilize. Yule mama asijue. Jumapili mzuie asiende kanisani. Mwambie una kazi kibandani, mwambie unaumwa, danganya chochote. Asisikie kwa masikio yake."

"Nitamzuia."

"Apa."

Nikaapa. Akafumba macho, akasema asante, na hilo lilikuwa neno la mwisho aliloniambia, kwa sababu Jumamosi sikumkuta akijitambua.

Nilitoka nje nikijifuta uso kwa kanga. Mama wa fundi alikuwa anamenya ndizi, beseni katikati ya miguu. Nikavuta kigoda. Nikaanza uongo wangu, vibaya sana: kwamba Jumapili nina wateja wengi, madereva wa msafara, nahitaji mtu wa kunisaidia asubuhi, tena asubuhi na mapema, kama angeweza...

"Amekubali?" akauliza, bila kuinua kichwa.

Nikababaika. "Nani, mama?"

"Usinifanye mtoto. Mimi ndiye niliyemfuata mchungaji. Nimekwenda pale mpaka wamechoka kuniona. Nimemwambia, usingoje akuite, yule hataita, ananionea huruma mimi. Nenda wewe." Akaidondosha ndizi kwenye beseni, akachukua nyingine. "Amekubali?"

"Amekubali."

Akaacha kumenya. Alikaa hivyo, kisu mkononi, anatazama mlango wa chumba.

"Mama," nikasema, "unajua watasoma nini Jumapili. Watasema kuhusu ule wimbo wa mwanao. Watasema mbele ya watu wote. Usiende."

"Mwanangu alikuwa na yeye," akasema. "Yeye ana nani?"

Nikajifuta uso tena.

"Mgonjwa akishindwa kufika, lazima asimame ndugu yake pale mbele aitikie kwa niaba yake. Wasipompata ndugu, hawampokei. Wameniuliza yuko wapi ndugu yake." Akanisogezea beseni, akanipa kisu cha pili. "Nimewaambia nitasimama mimi."